Mwano wa Milembe

Basi la Dodoma lilikuwa limeshaiacha stendi ya Bariadi, linachapa mwendo kwenda Maswa, pale mwano wa Milembe ulipomtoka kooni, ukapita dirishani, ukarudi Sapiwi kwa miguu. Ulifika saa kumi. Mama yake, Pelagia, alikuwa uani anachambua pamba. Akautia kwenye kibuyu cha maziwa, akaziba kwa gunzi, akapiga simu.

"Umesahau mwano wako."

"Nitaufuata bunge likiahirishwa, mayu."

Mwano, kwa asiyejua, ni yowe la hatari la Wasukuma. Ukiusikia unachukua fimbo unaukimbilia, hata kama tonge liko mdomoni. Asiyekwenda hapewi moto, hachotewi maji, hasalimiwi. Milembe aliupiga mwaka juzi, siku watu wa lori walipomchukua kaka yake, Joakim. Zagayu wakaitikia, Lalago wakaitikia, miji nayo ikaitikia, wiki tatu nchi nzima iko barabarani, mpaka wakubwa wakaachia viti. Walioshika fimbo wakaomba kura. Milembe aliomba kwa ahadi moja tu: atauliza bungeni Joakim yuko wapi.

Miezi minane hakuuliza. Kila akisimama, koo lilitoa "naunga mkono hoja," basi. Pelagia akakifunga kibuyu mgongoni kwa khanga kama mtoto, akapanda basi.

Getini pa bunge mlinzi akakitikisa.

"Bibi, maziwa hayaingii."

"Si maziwa. Mwano."

"Huo ndio hauingii kabisa! Una kibali?"

Hakuwa nacho. Akazibua pale pale.

Wabunge saba waliotoka kwenye maandamano wakaja mbio, mmoja na kijiko cha supu mkononi. Wengine waliendelea kula. Kwao desturi hiyo haipo. Milembe alitangulia, viatu kavishika.

"Mayu! Nani kavamiwa?"

"Joakim."

Wakatazamana. Method wa Lalago, ambaye enzi zile alibebwa mabegani, akajifuta jasho.

"Mama, suala lako tumelipokea. Huku tunakwenda kwa kanuni."

"Mwano haupokelewi, baba. Unakimbiliwa."

"Sasa si tumekimbia?"

Pelagia akafikiri. Kweli walikuwa wamekimbia. Hapakuwa na wa kunyimwa moto.

Kengele ikalia. Milembe akapiga goti, akamsalimia mama yake vizuri, akavaa viatu, akarudi ndani na wenzake.

Method sasa ni naibu waziri. Milembe yuko kwenye kamati ya kanuni, na watu wanamsifu kwa sauti ya upole. Mlinzi alihamishiwa geti la nyuma. Mwano ulikataa kurudi kibuyuni. Unakaa darini kwa Pelagia na kulia kila jioni. Watu wa Sapiwi wanatoka na fimbo, wanasimama uani, wanaulizana habari za pamba, wanarudi kula. Kibuyu kinatiwa maziwa kama zamani. Joakim hajarudi.