Kompyuta ya Marehemu Babu

Ilitangazwa rasmi katika ukoo wa Khor, mjini Penang, kwamba marehemu babu atapelekewa kompyuta mpakato inayolingana na hadhi yake. Kamati ya ununuzi ilikuwa na mjumbe mmoja tu, mjukuu wake Boon Leng, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni.

"Chukua yenye kioo kikubwa," bibi alimwagiza. "Macho ya babu yako unayajua."

Kwenye duka la vitu vya karatasi vya kuchomewa wafu ili viwafikie huko waliko, Boon Leng alizilinganisha kompyuta kwa uzito wa hakimu. Kubwa ingemaliza pesa zote. Ndogo, ya kiganja, ingebakisha za tambi za kukaanga. Zote si zitakuwa majivu? Alinunua ndogo, akaificha ndani ya boksi kubwa, na kaburini ikaungua humohumo bila yeyote kuiona.

Kesho yake asubuhi bibi alimsubiri mezani.

"Babu yako alinijia usingizini."

"Kukusalimia?"

"Hata salamu hakunipa. Alikaa hapo ulipokaa, ameinama, pua inakaribia kugusa meza. Namwambia, mzee, inuka. Anasema haoni herufi."

Boon Leng alicheka, peke yake. Kwenye kioo cha meza, mbele yake, palikuwa na duara la ukungu, kama pumzi ya mtu. Alilifuta. Likarudi.

"Bibi, nilinunua ndogo," alisema. "Pesa zilizobaki nilinunulia tambi. Leo hii nampelekea kubwa. Mwambie tu aondoke hapa!"