Weupe Upande wa Kulia

Mgonjwa wa tatu kwenye foleni ya skani asubuhi hiyo alikuwa Bi Barke wa Jomvu Kuu. Mkono wake wa kushoto ulimzaba askari wa mlangoni kofi kabla hawajasalimiana.

"Huyu mama amelewa!"

"Laiti ningelewa, mwanangu. Siku ya tisa mkono wacheza, na ngoma siisikii."

Watu wakacheka. Binti yake, Wardah, hakucheka. Alikuwa ameshika fomu ya daktari: *Inashukiwa damu ubongoni.*

Mercyline, mpiga picha za skani, alifanya kazi ya watu wawili. Mwenzake aliondoka mwaka jana na nafasi yake ilikuwa haijajazwa. Alimlaza mgonjwa, akaufunga ule mkono kiunoni kwa leso ya Wardah, akainama.

"Shikamoo, mama. Nipe kichwa tu, dakika moja."

"Marahaba. Kichwa chukua. Mkono ndio siuwezi."

Mkono ukaivuta leso, ukaivuta tena. Kichwa hakikusogea.

Picha ikatokea. Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia, palikuwa na weupe. Daktari Clifford akachungulia.

"Damu hiyo. Apewe rufaa kwa wapasuaji."

"Damu ingesukuma jirani zake, daktari," Mercyline akasema. "Hii haijasukuma kitu. Imetulia kama mtu aliye kwake. Sukari ikipanda sana hufanya hivi, na mkono wa upande wa pili hucheza. Amepimwa sukari?"

Daktari akafunua faili. Wardah akamtangulia: "Zahanati tumekwenda mara tatu. Walisema vijikaratasi vya kupimia vimekwisha."

Mercyline akatoa kipima sukari chake mwenyewe mkobani, akaweka sindano mpya, akamchoma Bi Barke kidole. Thelathini na moja. Mtu mzima mwenye afya hafiki hata nane.

Daktari akavua miwani. "Nimekosea, Mercyline," akasema, kisha akamwita muuguzi alete dripu na insulini.

Mashine ya mamilioni ilikuwa imeingia ubongoni kutafuta habari ambayo kijikaratasi kidogo kama ukucha kingeitoa siku ya kwanza.

Mchana msimamizi alikuja na ripoti aliyoiandika Mercyline. "Futa huu mstari wa mwisho. 'Mgonjwa alirudishwa nyumbani na zahanati mara tatu bila kupimwa sukari.' Hilo uliliona kwenye picha?"

"Sikuliona kwenye picha, bosi. Ndilo lililomleta kwenye picha."

"Utajiletea maneno."

"Yaje."

Mercyline akachapa nakala mbili, akazitia sahihi. Moja akaiweka kwenye faili, ya pili akampa Wardah. Kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.