Mzunguko wa Baiskeli Kongwe

"Fundi! Pancha nyingine hii!"

"Naja, shemeji," alijibu Hewala bila kuinua kichwa. Mikono ilikuwa imejaa grisi mpaka viwikoni, na mbele yake vijana wa mashindano walipanga foleni na baiskeli zao nyepesi, kila mmoja akijiona ana haraka kuliko wenzake.

Jina hilo la Hewala alipewa dukani kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa sababu ndilo neno pekee lililomtoka alipoagizwa kitu. Leo funga duka wewe. Hewala. Jumapili uje. Hewala. Hata hili kusanyiko la baiskeli kongwe za milimani, alilolihangaikia kwa simu miezi na miezi, alilipata kwa hewala. Shemeji alikuwa kwenye kamati ya mashindano. Akakubali wenye baiskeli kongwe wapewe kona kule nyuma, karibu na vyoo, na wakati wa mapumziko wapande njia ya kilimani mzunguko mmoja. Sharti lake eti lilikuwa dogo: fundi asimame kwenye hema la duka tangu asubuhi mpaka mwisho.

"Si sherehe na kazi kwa mkupuo mmoja?" alimwambia, akimpigapiga bega.

Mkupuo gani! Mpaka jua limepanda Hewala alikuwa hajakanyaga kwenye kona yake. Aliitazama kwa mbali tu. Watu wazima waliosafiri na baiskeli zao juu ya mabasi walikuwa wakirushiana vijembe, breki ya nani kuukuu zaidi, wakicheka mpaka kushika mbavu. Sherehe yake mwenyewe, naye kama kafungwa kamba mguuni. Baiskeli yake ya kijani, aliyoinunua ujanani na ambayo tangu aoe hajaipandisha mlima wowote, ilikuwa imeegemea nguzo ya hema. Alitaka ule mzunguko mmoja, basi.

Mapumziko yalipokaribia akaja mama mmoja, nesi mstaafu, akiikokota baiskeli ya marehemu mumewe.

"Mwanangu, gia zimegoma. Na nimetoka mbali."

Hewala akapapasa usukani. Swichi ya gia, ile ya kizamani ya kusukuma kwa kidole gumba, ilikuwa imekatika kwa ndani. Swichi mpya zilijaa tele kwenye sanduku la duka, lakini sheria ya kundi ilikataa: baiskeli yenye kipuri kisicho cha zama zake haipandi kilima, inabaki kutazamwa. Sheria hiyo aliitunga yeye, tena kwa mbwembwe, akisema hawezi kumvisha bibi kizee viatu vya disko. Swichi ya zamani ya kuazima ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwenye baiskeli ya kijani.

Hakufikiri mara mbili. Akaifungua, akaifunga kwa yule mama, na gia zikaitika moja baada ya nyingine.

"Na wewe utapandaje?"

"Mimi ni mwenyeji, mama. Nyinyi nendeni."

Mama akaubana ule mkono wenye grisi, akaondoka. Kule konani filimbi ya kuanza mzunguko ikalia.

Mkewe, aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda muda wote, akasema, "Umefurahi."

"Nifurahie nini?"

"Si nimekuona usoni! Yule mama alipokuja ulishusha pumzi, kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa." Aliyasema hayo bila hasira, na hapo ndipo palipouma. "Mimi siku zote nikidhani ni kaka yangu anayekufunga. Kumbe akilegeza yeye, unakaza wewe."

Hewala akainama kupanga spana. Aliogopa, ndiyo. Aliogopa magoti yasije yakamsaliti katikati ya kilima, mbele ya watu aliowaita mwenyewe, wakamjua kuwa ni mdomo mtupu. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Haina gia, mke wangu. Huoni?"

"Loo! Miaka yote hii nimelala na fundi, leo unidanganye mimi? Huo waya wa gia ukiuvuta ukaubana kwenye fremu, cheni si inakaa kwenye gia moja?"

Inakaa. Alijua inakaa.

"Fundi!" shemeji akaita kutoka upande wa pili wa hema. "Foleni inarefuka huku!"

Hewala akapiga goti. Akauvuta waya kwa koleo mpaka cheni ikapanda kwenye gia kubwa ya nyuma, akaubana kwa skrubu ya kishikio cha chupa. Akainua gurudumu, akasukuma pedali kwa mkono. Likazunguka bila kelele.

Kule juu, wa mwisho kwenye msafara alikuwa anakata kona.

"We fundi! Husikii?"

Gurudumu liliendelea kuzunguka hewani, naye, bila kusema hewala, hakuuondoa mkono kwenye kiti cha baiskeli.