Mfereji wa Jumbe

Kila kiangazi, sisi wanawake wa Ufipa tulishuka bonde la Rukwa kuchemsha chumvi. Mwiko ulikuwa mmoja tu: aliye kambini halali na mwanamume. Maji ya kidimbwi chetu yalikuwa mekundu, makali ya kuchoma vidonda, na chumvi yake ilitoka nyeupe.

Kisha Zenon, jumbe aliyewekwa na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya kule Sumbawanga, akachimba mfereji kutoka mtoni ili ng'ombe wake wanywe karibu. Mfereji ukafurika. Maji matamu yakaingia kidimbwini pamoja na mavi ya ng'ombe. Ukali ukapungua, na humo ukaota ukijani unaoteleza kama mlenda. Tulichemsha mpaka kuni zikaisha, tukaambulia uji mchungu unaonuka.

"Kuna mwanamke amevunja mwiko," akasema Zenon, matope ya mfereji yangali miguuni mwake.

Wote wakanigeukia mimi, Cornelia, mjane nisiye na wa kunitetea.

"Shikamoo, Jumbe," nikamwambia. "Hapa nani hajauona mfereji wako?"

Wanawake wakageukia vyungu vyao. Hata Albina, mjane mwenzangu, niliyelala naye mkeka mmoja tangu tushuke, aliinamisha kichwa akachokonoa majivu.

Wakanifukuza kambini, nikapanda mlima peke yangu, chungu kitupu kichwani.

Kiangazi kilichofuata ukijani ulizidi. Mimi sikuwepo, kwa hiyo wakamfukuza Albina.