Mafuta Yasiyo ya Kukaangia

Boksi lake lilikuwa sakafuni nyuma ya kaunta ya ofisi ya mizigo, upande wa dirisha, na jua lilikuwa limeshaifikia kona yake moja. Kutoka kwenye foleni Bi Kuvu aliona doa la maji likitambaa juu ya saruji. Barafu iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa inayeyuka.

Jina hilo alibandikwa na wenzake wa maabara, maana tangu amalize chuo hana hadithi nyingine ila kuvu, hasa ile inayoingia kwenye damu ya mgonjwa aliyekwisha kudhoofu. Dawa yake ipo, ila haipatani na maji, haiyeyuki. Ukiilazimisha, mgonjwa hutetemeka mpaka kitanda kinalia, na figo zinaumia. Yeye na mwalimu wake walikuwa wakiifungasha dawa hiyo ndani ya vipunje vya mafuta, vidogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haivioni, ili damu ivibebe bila kugombana navyo. Mara ya mwisho vilishikana vikawa uji. Sasa mafuta yanayofaa yamefika, yamo ndani ya boksi hilo, na mashine ya kuvisaga, waliyoiazima kwa kubembeleza, inarudi kwa wenyewe kesho.

"Mafuta," afisa wa mizigo alisoma kwa sauti. "Mafuta ni chakula. Lete kibali cha afisa wa chakula."

"Si ya kula, mzee wangu. Ni ya kutengenezea dawa. Barua ya maabara hiyo hapo."

"Binti, kiti hiki nimekikalia tangu hujaota meno. Hapa pameandikwa nini?"

"Mafuta."

"Haya."

"Na huyo afisa wa chakula yuko wapi?"

"Katoka. Atarudi akirudi."

Fundi pampu aliyekuwa nyuma yake alicheka. "Pole, dada. Mimi niliagiza mpira wa pampu, wakaniambia ni vifaa vya michezo."

"Ukafanyaje?"

"Nikalipia kama mchezaji!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Bi Kuvu naye alicheka, lakini macho hayakubanduka kwenye lile doa.

"Mzee, yakipata joto yanaharibika. Naomba basi yawekwe penye baridi."

"Hapa si buchani." Afisa alijinyoosha, akafungua jokofu lililokuwa nyuma ya kiti chake, akachomoa soda kwenye sehemu ya kugandisha. Mvuke wa baridi ulimpuliza usoni. Soda nyingine zilikuwa zimelala mle kama watoto wa mfalme.

Bi Kuvu aliinua mlango wa kaunta, akaingia. Alizitoa soda moja moja, akazipanga mezani kwa adabu, kisha akalisukuma boksi lake mle ndani mpaka likatulia.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nahifadhi chakula, mzee. Afisa wa chakula akirudi akakikuta kimeoza ofisini kwako, atamuuliza nani?"

"Hapo umepatikana, mkubwa," fundi alisema.

Afisa alitazama jokofu, akatazama foleni. Hakuna aliyekwepesha macho.

Bi Kuvu alirudi kwenye benchi, akaketi akilielekea jokofu, akapiga simu.

"Mwalimu? Hapana, bado wameyashikilia. Lakini yako kwenye baridi, na mimi sitoki hapa bila mafuta hayo. Ipashe mashine moto."