Orodha ya Mistari ya Kijivu

Mama Rula, karani wa ofisi ya utumishi, alipaka kijivu kwenye kompyuta mstari wa pili, akaruka wa tatu, akapaka wa nne, akaruka wa tano. Kufika mstari wa mia moja na kumi shingo ilikuwa imekakamaa na macho yanamchonyota kama yaliyotiwa sabuni. Na bado hajafika nusu. Orodha ilikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili, wafanyakazi wa kiwanda cha saruji waliopimwa vifua mwaka huo, na kila mmoja alitandazwa kwenye safu ishirini na mbili: namba ya kazi, jina, idara, umri, miaka kazini, halafu pumzi ya kuvuta, pumzi ya kutoa, picha ya pafu la kulia, picha ya la kushoto, na tarakimu nyingine za kidaktari zisizo na mwisho. Kule mbali kabisa, safu ya mwisho kulia, ndiko daktari alikoandika neno lake: aendelee na kazi, au aondolewe kwenye vumbi.

Kutoka jina la mtu mpaka neno la daktari ilikuwa safari. Jicho huondoka na nia njema, likifika safu ya kumi limechoka, ya kumi na tano limeteleza, na linapotua, limetua kwa jirani. Ndiyo maana Mama Rula, kila asomapo orodha, alilaza rula chini ya mstari, na ndiyo maana kiwanda kizima kilimpa jina hilo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Lakini orodha hii ilikuwa ya kubandikwa ukutani. Nani angeshika rula ukutani?

Mwaka uliotangulia haikubandikwa. Nesi wa kiwanda alisimama getini akawasomea watu kwa sauti, haraka haraka, meneja wa utumishi kamsimamia ubavuni anatazama saa. Alipofika kwa Bwana Stoo, mtunza ghala, akasoma: aondolewe kwenye vumbi. Watu walivunjika mbavu. Bwana Stoo! Mtu anayeshinda ndani na feni, anayefuta meza yake mara tatu kwa siku, ambaye hajakanyaga chumba cha vinu tangu aajiriwe! Tangu siku ile akaitwa Bwana Vumbi, na kila akipita mtu anamkung'uta bega. Mama Rula naye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Katika watu mia tatu, hakupatikana hata mmoja wa kujiuliza: kama neno hili si la Bwana Stoo, ni la nani?

Lilikuwa la mtu wa mstari wa juu yake. Mama Rula aliligundua wiki hii, alipofungua orodha ya mwaka jana ili aijaribie rangi. Alipoipaka kijivu kimoja, cheupe kimoja, mistari iliachana, kila mmoja ukasimama peke yake, na kosa lote likakaa wazi. Jicho la nesi lilikuwa limepanda mstari mmoja tangu mwanzo wa ukurasa, na kila mtu wa ukurasa ule alisomewa kifua cha aliye juu yake. Juu ya Bwana Stoo alikuwa shemeji.

Shemeji, mdogo wake marehemu mumewe, msagaji wa kinu namba mbili, alisomewa "aendelee na kazi", na kweli akaendelea. Mwaka mzima. Siku hizi alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, katika chumba cha uani nyumbani kwa Mama Rula, na kukohoa kwake kulipenya ukuta kama mtu anayeburuta kabati.

Hakumwambia. Angeanzia wapi? Alipaka tu. Mstari mmoja kijivu, mmoja mweupe.

"Mama, rangi za nini hizi?" Meneja alikuwa ameinama juu ya bega lake. "Tunabandika orodha au tunapamba ukumbi?"

"Zinasaidia jicho, bosi."

"Jicho la nani? Mtu akishaona jina lake anaondoka. Mkaguzi wa serikali kasema ibandikwe, sisi tunabandika, basi. Na uipange kwa idara. Hivi ilivyo imekaa ovyo."

Meneja mwenyewe alikuwa hajaisoma. Aliweka sahihi chini ya ukurasa wa mwisho kama watu wanavyopiga chafya. Kwenye mkutano wa Jumatatu alikuwa amewaambia wafanyakazi, kwa macho makavu, kwamba mwaka huu wenye matatizo ni sita tu na sita hao watashughulikiwa. Mama Rula alikuwa amewahesabu na rula yake. Thelathini na wanne.

Akaipanga kwa idara kama alivyoamriwa, na kazi ya siku mbili ikaharibika kwa kubonyeza mara moja. Kila mtu alihama na rangi yake. Hapa vijivu vitatu vimekumbatiana, pale vyeupe saba vimepanga foleni. Akaweka kichwa juu ya meza, akahesabu mpaka ishirini. Kisha akaivua orodha rangi zote, akaanza upya, na safari hii akaiagiza kompyuta ihesabu yenyewe: mstari wenye namba shufwa uwe kijivu, akae hapo nani asikae nani. Alijiuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Jibu ni kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha. Kila alichokijua kwenye mashine ile alikinyofoa mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya zamu kuingia, alibandika ubaoni karatasi kumi na mbili zilizounganishwa kwa gundi. Akarudi kukaa. Chai yake ilikuwa haijapoa aliposikia kelele.

"Nimepakwa! Jamani, nimepakwa!"

"Na mimi! Mtoto kaanza shule juzi tu na mimi nimepakwa!"

"Tulia, ndugu yangu, tulia."

"Niache! Wewe mweupe, lazima utulie!"

Mama Rula akaelewa. Kalamu ya njano. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye ubao ule ule, uongozi ulibandika majina ya watu wote na kupitisha kalamu ya njano juu ya majina tisini. Hawakueleza lolote. Kesho yake wenye njano walikuta geti limefungwa, na mlinzi, mtu waliyekula naye, akawaambia, "Siwajui." Uongozi ulishasahau, mameneja watatu wamepita tangu hapo. Lakini watu wa kiwandani hawasahau rangi. Yeye alikuwepo, alikuwa ndani ya ofisi hii hii, na kuzama kwenye mistari kulimfanya asikumbuke.

Alipotoka nje akamwona shemeji amesimama nyuma ya wote, kofia mkononi. Mstari wake ulikuwa wa kijivu. Hakupiga kelele, hakuwa na pumzi ya kupigia.

Mfagiaji wa chumba cha vinu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ndiye aliyemkabili. "Mama Rula! Rangi hizi umepaka wewe, kwa mkono wako?"

"Nimepaka mimi."

"Sisi wenzako! Walikupa nini?"

"Maumivu ya shingo."

Wawili watatu walicheka bila kupenda. Meneja akatokea, tai imekaa upande. "Zibandue! Sasa hivi. Weka nyeupe tupu watu waingie kazini."

"Nipe dakika kumi, bosi."

"Zibandue nimesema!"

"Akizibandua sasa," mfagiaji akasema, akijipanga mbele ya ubao na ufagio wake, "tutajua ni kweli. Ziacheni."

Mama Rula alirudi ndani. Aliipanga orodha ile ile kwa herufi, tangu A, akaituma kwenye printa, na printa ikazitema karatasi moja moja kama mtu anayelazimishwa kula. Akatoka nazo, akazibandika kando ya zile za kwanza.

"Haya. Wewe uliyepakwa, jitafute hapa."

Yule wa mtoto wa shule alisogea. Kidole kilishuka, kikasimama. "Mweupe," akasema. Akatazama kule, akatazama huku. "Mbona hapa mweupe?"

"Kwa sababu umehama nafasi. Kijivu hakikufuati. Kinahesabu mistari tu: moja, mbili, moja, mbili. Nikiwapanga kwa umri mtabadilika tena."

"Na mimi kule nilikuwa mweupe," sauti nyingine ikalalamika, "hapa nimekuwa kijivu!"

"Karibu kwetu," mtu akamjibu, na safari hii kicheko kilikuwa cha kweli.

"Sasa kijivu ni cha nini?" mfagiaji akauliza.

"Ni ili usipotee njiani. Shika mstari wako, mama. Usiuachie. Nenda nao mpaka mwisho wa karatasi."

Mfagiaji alimkabidhi mwenzake ufagio. Alitembea ubavu ubavu kando ya ubao, kidole ukutani, akipita namba asizozijua, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka karatasi ilipoishia. Akasoma kwa sauti, silabi moja moja. "A-ondolewe kwe-nye vumbi." Akageuka. "Mimi?"

Hakuna aliyecheka. Mwingine akashika mstari wake, akatembea. Aendelee na kazi. Mwingine: aondolewe. Wakapanga foleni wenyewe. Kila neno la vumbi likitajwa, kundi lilihesabu kwa pamoja. Walipofika saba walimtazama meneja. Walipofika ishirini hakuna aliyemtazama tena. Shemeji alikuwa wa ishirini na sita.

"Thelathini na wanne," mfagiaji akasema mwishoni. "Bosi, Jumatatu ulituambia sita."

"Hayo ni mambo ya kitaalamu. Hamuwezi kuyaelewa."

"Tumeyasoma kwa kidole, bosi."

Hawakuimba, hawakurusha jiwe. Walikaa chini, pale pale mbele ya ubao, wote wa zamu ile, na vinu vikabaki kimya. Kimya kile Mama Rula hakuwahi kukisikia kwa miaka kumi na tisa. Ndege walisikika juu ya bati. Saa tano meneja aliitwa kwenye simu na wakubwa wake. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka.

"Waandikie barua," akasema bila kumtazama. "Wote thelathini na wanne. Wahamishwe leo. Na kuanzia mwakani kila mtu atapewa matokeo yake peke yake, kwenye bahasha. Mambo ya ubao yamekwisha. Umefurahi?"

Mama Rula hakuwa amefurahi. Alikuwa amechoka, ule uchovu unaoingia mpaka kwenye meno. Aliandika barua kwa mpangilio wa orodha, hakumruka mtu. Ya shemeji aliipeleka mwenyewe. Alimkuta ameketi juu ya magunia matupu.

"Umehamishiwa kwenye mizani, shemeji. Nje, penye hewa." Akamkabidhi barua. "Hii barua ilikuwa yako tangu mwaka jana. Nesi aliteleza mstari. Lile neno la Bwana Stoo lilikuwa lako. Nami nilikuwepo, nikacheka."

Shemeji aliisoma barua hadi chini, akaikunja mara nne.

"Na kwenye kinu changu anaingia nani?"

"Watachukua vibarua. Wameshaita wanne, wako getini."

"Wamepimwa?"

Vibarua hawakuwa na namba ya kazi, wala mstari, mweupe au wa kijivu. Mama Rula alitazama upande wa geti, akajishika kiuno, akaanza kutembea kwenda kuwazuia kabla kinu hakijawashwa.