Beseni la Bluu la Bethuel

Hebu niambie, umewahi kumlisha mtu mwaka mzima, kumbe kila akila kwako anakuandika?

Mwaka 1971 tulikaa Ladywood, mjini Birmingham, ghorofa ya tisa, mimi na mume wangu Otieno, aliyefanya kazi kiwandani Aston. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja Bethuel, mwanafunzi wa historia. Nilimsongea ugali wa semolina, maana unga wa mahindi haukupatikana, na kabeji ya kukaanga.

Bethuel alikuwa akiandika kitabu juu ya waziri wa mfalme fulani, wa miaka mia nne iliyopita. Waziri huyo aliandika historia ya nchi yake, na wapelelezi wote walikuwa wake.

"Shemeji, yule mtu alijua hata nani amekula nini kwa nani!"

Otieno akamcheka. "Mtoto wa jirani Kewal amezaliwa, ametembea, wewe ungali sura ya pili."

"Na historia yetu sisi wa Birmingham naiandika pia," Bethuel akasema. "Shemeji, nipe vitu vidogovidogo."

Vitu vidogo ndiyo raha yangu. Jumapili moja, Otieno akiwa zamu, nilimsimulia Bethuel jinsi mume wangu alivyokuwa akinawa kwenye beseni la bluu lililomeguka ukingo, akasema wakubwa wa serikali ya kwetu nyumbani wanaila nchi kama mchwa. Tulicheka sana. Akaandika.

Mwezi wa pili mama mkwe akafariki. Otieno ni kifungua mimba. Yeye ndiye wa kwanza kumtupia mama udongo. Akapeleka pasi yake ya kusafiria London, kwenye ubalozi wetu, iongezwe muda. Afisa mmoja akaizuia, akamsomea karatasi.

Alirudi akaketi na koti lake mwilini.

"Mama Zilpah," akaniambia, "ni maneno yangu ya mchwa. Hata beseni limetajwa. Hata pale lilipomeguka."

"Nilimwambia Bethuel," nikasema. "Yeye peke yake."

Akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Mama alizikwa Alhamisi, sisi tuko huku.

Jumapili Bethuel akaja na sukari na majani ya chai, kutupa pole. Otieno akainuka, akaingia chumbani. Mimi sikupakua. Niliweka beseni mezani, mbele ya Bethuel.

"Unalijua hili?"

Akalitazama, macho yakaishia pale pale kwenye ukingo.

"Walikupa nini, Bethuel?"

"Hawakunipa kitu, shemeji."

"Otieno alitaka kumzika mamake, basi. Wewe ulitaka nini?"

Ugali ukapoa jikoni. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Kitabu changu hakuna aliyewahi kuniomba hata ukurasa mmoja. Wale wa ubalozi waliniandikia, lete zaidi, unaandika vizuri. Nilitaka mtu anisome."